Kifua cha Mkwe Wangu

Jumatatu, 5 Oktoba

Daftari hili nilipewa Kasongo kwenye semina ya mafua mapya, pamoja na kalamu na bango la mtu anayekohoa kwenye kiwiko. Mwalimu wa semina alisema tuandike kila tunachokiona, maana ugonjwa huingia kwa mlango mdogo. Bango nimelibandika. Daftari nimeamua liwe langu mwenyewe, kwa sababu mambo ya kituo yana vitabu vyake na vinatosha kunikunja mgongo.

Iwapo litaokotwa na mtu asiyenijua: mimi ni Victorine, muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha Kalungwe, upande wa Wamaza. Watu huniita Mama Muganga. Tuko watatu tu. Yuko Léontine, mkunga, na yuko Ramazani, reko wetu, yaani mjumbe wa afya anayepita nyumba kwa nyumba bila mshahara. Siku ambazo hapiti nyumba za watu anashona suruali.

Kila Jumatatu saa moja asubuhi vituo kumi na vinne vya zoni yetu ya afya huitana kwenye foni, ile redio inayokula umeme wa jua. Kila kituo kinasoma hesabu ya juma lililopita: palu, yaani malaria, kuhara, surua, na sasa mstari mpya, mafua makali. Wote tunasikiana. Leo nilisoma: Kalungwe, palu ishirini na tisa, mafua makali sifuri. Daktari Souleymane, mkubwa wa zoni, akasema mbele ya wote kwamba miaka sita Kalungwe haijachelewesha ripoti hata mara moja. Nikajifanya sikusikia vizuri, nikamwomba arudie.

Redio ya taifa inasema Kinshasa hospitali zimejaa, na Bukavu wameanza kulaza watu kwenye hema. Huku mvua tu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Mkwe wangu Alain amerudi kutoka machimbo ya Salamabila na pikipiki yake. Nilimsikia kabla sijamwona, anakohoa nyuma ya uzio wa binti yangu kama mtu anayepasua kuni. Aliponiona akaingia majanini mpaka kiunoni, akageuza mgongo, akangoja nipite. Nami nikavuta kikwembe kufunika shavu, nikapita.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali wakionana. Neno likiwapo linapitia kwa mke, au kwa mtu mwingine. Wakristo na Waislamu wa huku wote tunaishika mila hii, na padri mwenyewe haingilii. Mimi niliyesoma uuguzi miaka minne Kindu ninaishika kuliko wengi. Na kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia, niseme ukweli: inanifaa. Esther-Divine alikuwa amalize shule ya ualimu. Badala yake akanipatia mchimba dhahabu, na sasa ana mimba ya miezi saba. Sina hamu ya kumtazama huyo kijana.

Jumapili, 11 Oktoba

Esther-Divine alikuja baada ya misa. Tumbo lake limetangulia mbele, yeye nyuma.

"Mama, mume wangu iko na homa siku tatu. Anatetemeka, anakohoa, hakule kitu."

"Aje kituoni."

"Atakuja namna gani, Mama? Atavua shati mbele yako?"

Ni kweli, asingeweza. Vipimo vya palu vimekwisha tangu mwezi wa tisa. Homa ikija bila kipimo, mkono wangu unaandika palu wenyewe. Nikafunga vidonge vya siku tatu kwenye karatasi, nikampa Ramazani apeleke.

Alirudi upesi, kofia yake mkononi, kitu ambacho hakifanyi ovyo. Ramazani ni mtu wa ukoo wa zamani wa Kasongo mjini. Kofia kwake ni sawa na suruali.

"Mama Muganga, miye siko muganga, niko mushonaji. Lakini hii si palu. Palu hailizi kifua namna ile. Na kule Salamabila wenzake wane wameachwa wanalala chini na kikohozi hiyo hiyo."

"Umekwisha kuwa daktari?"

"Bado. Lakini yeye mwenyewe ametuma neno. Anasema akuje kituoni, akae nyuma ya pazia. Ye upande huu, we upande ule. Unapitisha tu mukono na kile chuma cha kusikiliza. Hamutaonana."

Nilicheka. Nilimwambia pazia si ukuta, na mkono wangu ni mkono, haijalishi umepitia wapi. Ramazani akavaa kofia. "Mficha uchi hazai, Mama Muganga," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Nikaandika kwenye kitabu: Alain, miaka ishirini na sita, palu ya kawaida.

Jumatatu, 12 Oktoba

Ripoti: palu thelathini na moja, mafua makali sifuri. Mvua tangu alfajiri.

Alhamisi, 15 Oktoba

Alain amepona, anasema Esther-Divine. Basi ilikuwa palu. Nilimwambia Ramazani hivyo, naye akasema alhamdulillahi. Hakusema zaidi, na hilo ndilo lililonikera.

Jumamosi, 17 Oktoba

Shule inakohoa. Leo watoto kumi na tisa, na mwalimu wao akaja nyuma yao naye akiwa na macho mekundu. Wote homa, wote kikohozi kikavu, wote wanasema mifupa inauma. Niliwagawia paracetamol mpaka kopo likabaki na unga. Léontine alinitazama kila nilipoandika palu. Hakuuliza. Angeuliza ningemfokea.

Ramazani ameacha suruali za watu, anashona barakoa kwa mabaki ya vitenge. Amenipa mbili, moja ina kuku, nyingine ina nusu ya uso wa mheshimiwa fulani wa uchaguzi uliopita. Nilicheka kidogo. Ni mara ya kwanza juma hili.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nina jambo la kuandika na sitaki kuliandika.

Kwenye foni asubuhi hii Daktari Souleymane alisema vidonge vya mafua vimefika kutoka Kindu, dozi arobaini kwa zoni nzima. Zitagawiwa kesho kwa pikipiki kwa vituo vilivyotoa ripoti ya mafua makali, wajawazito kwanza. Vituo vikaanza kusoma. Wa kwanza saba. Wa pili kumi na mmoja. Mmoja akasoma ishirini na mbili huku anakohoa yeye mwenyewe. Kisha Daktari akaita Kalungwe.

Ningesema "mafua makali, hamsini", angeuliza mgonjwa wa kwanza ni nani na alianza lini. Ndivyo anavyouliza kila kituo: wa kwanza nani, alitoka wapi, kifua chake kilisemaje. Ningesema nini mbele ya vituo kumi na vitatu? Kwamba wa kwanza ni mkwe wangu, ametoka Salamabila, na kifua chake sikukisikiliza?

Nilisema: palu hamsini na nane, mafua makali sifuri.

"Kalungwe, una hakika?" akauliza. "Hamsini na nane ni nyingi."

"Ni mvua, Daktari. Mbu."

Akanishukuru. Nilikaa mbele ya foni mpaka Léontine akaja kuizima. Nilijiambia ningoje hakika, maana mtu mzima hapigi kelele kwa kikohozi cha watoto. Nilijiambia vingi.

Jumanne, 20 Oktoba

Mvua. Jua halikuonekana. Hakuna aliyezidiwa. Mungu atusaidie iwe palu.

Jumatano, 21 Oktoba

Esther-Divine anakohoa.

Nilikwenda kwake na kifaa changu cha kusikilizia kifua. Alain akatoka kwa mlango wa jikoni nilipoingia kwa mlango wa mbele. Joto thelathini na tisa na nusu. Pumzi ishirini na sita kwa dakika. Mapafu, chini upande wa kulia, yanatoa sauti ya chumvi ikianguka kwenye moto. Mtoto tumboni anacheza. Nilihesabu mara tatu, nikitumaini hesabu itapungua.

"Mama, hapana kufanya uso hivyo," akaniambia. "Ni mafua tu."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Alain alipofika kutoka Salamabila alimkataza kulala naye chumba kimoja. Alitandika mkeka kwenye nyumba ya mbuzi, akasema kule machimboni wamesikia ugonjwa huu unapenda wenye mimba. Siku tano alilala na mbuzi. Ni yeye Esther-Divine aliyekuwa anampelekea uji na kumshika kichwa, kwa sababu hakuna muuguzi aliyekuja.

Hakusema kwa kunisuta. Binti yangu hana ulimi wa namna hiyo, sijui aliupotezea wapi. Nilimwambia anywe maji, nikatoka, nikasimama nyuma ya kituo na kulia kwa hasira juu yangu mwenyewe.

Jioni mke wa Ramazani alikuja kusema mume wake hakuamka kusali.

Alhamisi, 22 Oktoba

Foni imekufa. Siku tatu bila jua, betri haina kitu. Tumeifuta paneli kwa kitambaa kana kwamba vumbi ndilo lenye kosa. Mtandao wa simu uko juu ya kilima cha mbali, mwendo wa saa tatu, na njia ya huko imekatika.

Esther-Divine, pumzi thelathini na moja. Ramazani, thelathini na nne. Nina amoxicilline na maji ya kutundika. Oksijeni sina.

Nilipita kwa Ramazani. Alikuwa ameketi kitandani, anainamia mbele ili apate hewa, barakoa yake mwenyewe usoni, ile ya kuku. Mke wake Hidaya alikuwa ameshika cherehani isianguke, maana kitanda kiliisukuma kila alipokohoa.

"Mama Muganga," akasema kwa vipande vipande, "ulisema kwa zoni?"

"Kesho nitasema."

"Sema," akasema. "Usiogope. Foni haina meno."

Ijumaa, 23 Oktoba

Jua lilitoka saa tatu, kidogo, kama mtu anayechungulia dirishani. Saa sita foni ikawaka. Haikuwa siku ya ripoti, lakini vituo vyote vilikuwa hewani, kila kimoja kinaomba dawa. Nikangoja zamu. Nikalaza mikono juu ya meza.

Nilisema: "Kalungwe hapa. Masahihisho. Mafua makali tangu tarehe tisa mwezi huu. Wagonjwa zaidi ya sitini. Niliwaandika palu bila kipimo. Wa kwanza ni Alain, kutoka Salamabila, ni mukwe wangu. Sikumupima."

Vituo vyote vilisikia. Kumi na vitatu, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

"Kwa nini hukumupima?" akauliza Daktari Souleymane.

"Ni mukwe wangu, Daktari. Hakuja."

Neno hilo "hakuja" lilinitoka kabla sijalizuia. Ni kweli hakuja. Lakini alikuwa ameomba kuja, na aliyekataa ni mimi. Hilo la pazia nililimeza. Tunalijua watu watatu, mimi, Alain na Ramazani.

Daktari angenitukana ningepumua. Alisema tu kwamba dozi zimekwisha, ziligawiwa Jumanne, na hata ningezipata leo zilikuwa za siku mbili za kwanza za homa. Kwa anayepumua zaidi ya thelathini kinachohitajika ni oksijeni, na oksijeni iko Kasongo. "Peleka Kasongo, Mama. Leo kama unaweza."

Pikipiki tatu ziko Kalungwe. Mbili wenyewe wanaumwa. Ya tatu ni ya Alain.

Pikipiki moja haibebi wagonjwa wawili. Nilikwenda kumwambia Hidaya. Kabla sijafungua kinywa, Ramazani akainua mkono. "Mwenye mimba kwanza," akasema. "Hiyo si iko kwa karatasi yenu?" Nilishindwa kumwangalia. Nimemwachia Léontine na chupa zote za maji ya kutundika zilizobaki.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimefika Kasongo. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, nguo zimekauka mwilini.

Tuliondoka kulipokucha. Mgonjwa asiyejiweza hubebwa katikati, dereva mbele, mtu mwingine nyuma wa kumshika. Léontine asingeweza kuacha kituo. Hidaya asingeweza kuacha mumewe. Dada za Alain wanaumwa. Basi nyuma nikakaa mimi. Watu wa Kalungwe walisimama milangoni wakiangalia mama mkwe anapanda pikipiki ya mkwe wake. Mzee mmoja akaingia ndani akafunga mlango.

Mwanzo nilijitahidi. Nilimshika Esther-Divine kwa mkono mmoja, na mkono mwingine nikashika chuma cha nyuma cha kufungia mizigo, ili nisimguse yule mbele. Nilikuwa nimejifunga kikwembe mpaka puani. Saa nzima tulikwenda hivyo, na bega langu lilikuwa linang'oka. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu pikipiki iliteleza. Esther-Divine alilala upande kama gunia, na mkono wangu mmoja haukutosha. Alain aliweka mguu chini, akatuzuia sote watatu kwa goti lake.

Akasimamisha pikipiki. Hakugeuka. Aliongea akiangalia barabara.

"Mama, leo unisamehe. Ushike miye kwa tumbo, na mikono yote mbili. Ukishika chuma ya nyuma, Esther anabaki peke yake katikati."

Miaka mitatu ya ndoa yao, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

Nikapitisha mikono pande mbili za binti yangu, nikamshika mkwe wangu tumboni. Nilishikwa na haya, kweli kabisa, haya ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Ilidumu mpaka kilima cha pili. Baada ya hapo nilikuwa nasikiliza pumzi za Esther-Divine kwenye shingo yangu tu, maana kichwa chake kilikuwa kimelala kwangu.

Kwenye mto, gogo moja la daraja lilikuwa limekwenda na maji. Alain alimvusha mke wake mgongoni, akarudi kuvusha pikipiki akisaidiana na wavuvi wawili. Kisha akarudi mara ya tatu, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono huku anaangalia maji. Nikaushika.

Tulifika Kasongo saa tisa mchana.

Jumapili, 25 Oktoba

Hospitali imejaa mpaka veranda. Wauguzi wanatembea kama watu waliopigwa, lakini wanatembea. Mashine za oksijeni ni nne kwa wagonjwa kumi na moja. Wamegawanya mipira kwa vipande vya plastiki ili mashine moja ilishe watu wawili au watatu. Esther-Divine anagawana na mama mmoja wa Nyangwe, muuza samaki. Wanatazamana siku nzima juu ya ule mpira bila nguvu ya kusalimiana.

Kipimo cha kidole, kile cha kupima oksijeni ya damu, kilisema themanini na mbili tulipofika. Leo themanini na nane. Nilikuwa nimesahau kwamba namba inaweza kunifanya nipige magoti.

Msindikizaji ni mmoja tu kwa mgonjwa. Kwa sababu mimi ni muuguzi, wameniruhusu nibaki na Alain pia, nisaidie wodi. Yeye anachota maji. Tukikutana mlangoni anasimama kando, lakini haingii tena majanini. Hapa majani hayapo.

Jumatatu, 26 Oktoba

Tisini. Halafu themanini na tano. Halafu tisini.

Jumanne, 27 Oktoba

Foni ya hospitali iliita Kalungwe saa tano asubuhi. Sauti ya Léontine ilitoka ndogo sana.

Ramazani amefariki jana alasiri.

Nilimuuliza saa ngapi, dawa gani, pumzi ngapi, kama mtu anayejaza fomu, mpaka Léontine akasema, "Mama, inatosha." Wamemzika leo asubuhi. Waliomwosha walivaa barakoa alizozishona mwenyewe. Watu walikatazwa kukaa matanga, wakakaa nje ya ua, mmoja huku mwingine kule, kwenye mvua.

Ni mimi niliyemtuma nyumbani kwa Alain na vidonge vya palu, kwa sababu mguu wangu haukuweza kufika pale. Alikaa na mgonjwa, akasikiliza kifua kwa sikio lake la mshona suruali, akasikia vizuri kuliko mimi na chuma changu. Nimeua mtu mwema. Nimeandika hivyo na sitafuta.

Na nimegundua jambo jingine, nalo limenitia hofu juu ya nafsi yangu. Nilipokuwa nalia, kuna wazo lilipita upesi: sasa mwenye kujua kwamba neno la pazia lilinifikia ni mimi tu. Alain anajua alituma. Hajui kama lilifika.

Jumatano, 28 Oktoba

Mwili unauma. Nimeanza kukohoa. Wamenihamishia veranda, mbali na kitanda chake. Alain sasa ndiye anayemgeuza mke wake, anayemnywesha, anayeangalia namba ya kidole. Kila nusu saa anakuja mpaka nguzo ya tatu, ananionyesha namba kwa vidole, makumi kwanza: tisa na moja. Tisa na mbili. Tisa na moja.

Alhamisi, 29 Oktoba

Uchungu ulimshika Esther-Divine alfajiri, kabla ya wakati wake. Daktari wa zamu alisema mwili umechoka kupumua kwa watu wawili. Mkunga wa hospitali, mama mmoja mwenye mikono mikubwa, alimzalisha akiwa bado na mpira wa oksijeni puani. Nilikuwa veranda, dirishani, na barakoa mbili. Nilisikia kilio chembamba saa mbili na robo.

Msichana. Kilo moja na gramu mia nane.

Esther-Divine yu hai. Namba yake ni tisini. Daktari anasema siku mbili zijazo ndizo zitakazosema. Hawezi kuinua hata mkono wake, sembuse mtoto.

Mtoto mdogo hivi huwekwa ngozi kwa ngozi, kifuani kwa mtu, usiku na mchana, ili joto la mtu limshike. Mashine ya kupasha joto inatumikia wengine wawili. Bibi ndiye angembeba, bibi ni mimi, na mimi nakohoa. Wauguzi walikuwa wawili kwa vitanda arobaini. Mkunga akatoka na mtoto amefungwa kwenye kitambaa, akatutazama mmoja mmoja.

"Baba alisha kuumwa?"

"Aliumwa mwanzo wa mwezi," nikasema. "Amepona."

"Amepimwa kifua?"

Alain alikuwa amesimama kwenye nguzo. Sikumtazama.

"Bado," nikasema.

"Wewe si muganga? Nawa, umupime, umufunge mutoto. Miye narudi kwa damu ya binti yako." Akamweka mtoto mikononi mwa Alain, akaingia ndani.

Basi nikanawa mpaka viwiko, nikabana barakoa, nikachukua kifaa. Alain aliketi kwenye ukingo wa veranda. Nilimshikia mtoto kwa kitambo akavua shati, kisha nikamrudishia, nikageuza uso pembeni nisimpumulie. Watu wa veranda walikuwa wanatazama. Watu wa Kasongo mjini hawajui mambo yetu, kwao nilikuwa muuguzi na mgonjwa tu.

"Vuta pumzi," nikamwambia.

Akavuta. Niliweka kifaa kulia, kushoto, chini, juu, nyuma. Nilikwenda polepole kuliko ilivyohitajika. Mapafu yalikuwa masafi. Kulia chini kulikuwa na mkwaruzo mdogo wa kidonda kilichopona, na mtu yeyote aliyepitia Kindu angeusikia hata wakati ule, hata kupitia pazia.

Nilimvua mtoto kitambaa. Nikamlaza kifuani kwa baba yake, kichwa upande, miguu kama ya chura, nikazungusha kikwembe changu mara tatu na kukifunga mgongoni kwa Alain. Nilimfundisha: mkono mmoja chini ya matako, macho kwenye kifua cha mtoto, hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa yako ya mkononi. Akishuka chini ya thelathini, piga kelele. Akisahau kupumua, msugue mgongo.

Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakaa. Alihesabu dakika ya kwanza, hamsini na mbili. Nikamwambia ni vizuri.

Kisha akasema, macho bado kwa mtoto:

"Mama, naomba kuuliza neno. Ile Jumapili, marehemu Ramazani alikufikishia habari yangu ya pazia? Miye nilingoja. Hakurudi na jibu. Nikasema labda amesahau."

Ilikuwa rahisi sana. Marehemu hajibu. Ningesema hakufikisha, na Alain angeniamini, angenionea huruma hata.

"Alifikisha," nikamwambia. "Neno kwa neno. Ni miye nilikatala. Nilicheka."

Nilimtazama Alain usoni, na yeye akanitazama, muda mrefu. Macho yake ni ya mtu aliyechoka, mekundu, ya kijana tu.

Halafu akayarudisha chini kwa mtoto na midomo yake ikaanza kuhesabu. Alipofika thelathini na saba akapotea, akaanza upya. Akapotea tena. Nikaanza kuhesabu kwa sauti kutoka pale nilipokuwa, na yeye akafuata.